Mwaka Niliosema Simjui

Siku tulipoondoa matanga ya mume wangu Kasereka, hapa Hombo, mashariki ya Kongo, ua wetu ulijaa watu ambao zamani hawakutaka kumwona akipita barabarani na mimi. Niliwatazama wakila. Mmoja wao, ambaye siku hizi ni mtu wa heshima kanisani, alilia kuliko hata mimi mjane, na ndiye yule aliyekuwa akimrushia Kasereka maganda ya parachichi kutoka kwenye gogo lililo karibu na daraja. Sikumkumbusha. Nilimwongezea wali. Watu wananiita mkali, nami sikatai, lakini mtu akija kulia kwangu namlisha kwanza. Isitoshe, nilikuwa najisikia vizuri, na sioni aibu kusema hivyo juu ya siku ya matanga. Mtu aliyeingia hapa akizomewa "mugeni, mugeni" alitoka akililiwa na watu wale wale, nami nilikuwa mke wake.

Aliyekosekana ni mwanangu wa kwanza, Mumbere, anayesomea ujenzi wa madaraja huko Seoul, Korea. Alinipigia simu asubuhi ile kabla ya padri kufika. Kwetu ilikuwa saa nne, kwake jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nilidhani atanililia baba yake. Kumbe alikuwa na lake. Kuna msichana wa huko, anaitwa Jiwon, ambaye mwanangu alikwisha kunitajia mara mbili tatu kwa sauti ile ya mtu anayejifanya anataja jambo dogo. "Mama," akasema, "jana nilikuwa naye mu treni. Muzee moja akamupigia makelele, ye, haiko mi. Jiwon aliniambia kisha, eti alimuuliza kama banaume ba kwabo balikufa. Sasa akaniachia mukono. Akaenda kukaa ingine fasi, kama hanijue. Mi nimemaliza naye, Mama." Niliketi kwenye kiti cha baba yake. Maneno yale, kama wanaume wa kwao walikufa, niliyasikia Hombo kabla Mumbere hajazaliwa, na aliyeyasema ni kaka yangu Elisha, ambaye wakati huo huo alikuwa uani kwangu akipasua kuni za kupikia wageni. Nikamwambia mwanangu akae chini, kwa sababu nilikuwa na neno la kumwambia ambalo baba yake alikuwa amelihifadhi mpaka kaburini bila kumwambia mtu hata mmoja.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Barabara ilikuwa imefunguka tena na malori yalianza kupita, moja leo, mawili kesho, na kila lori likipita tulitoka kulitazama. La akina Kasereka halikupita. Lilikatika ekseli kwenye kilima, likavutwa mpaka Hombo, na tajiri wake akarudi Butembo kutafuta kipuri, akimwacha fundi wake alilinde. Fundi huyo ndiye Kasereka. Ilisemwa wiki mbili; ikawa miezi. Alipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga muhogo, na kwa kuwa hakujua kukaa bure, alianza kutengeneza kila kilichoharibika: radio, cherehani, mashine yenyewe ya kusaga. Chumba chake nilikiona kupitia mlangoni tu, maana msichana wa kwetu haingii chumba cha mwanamume. Kitanda cha mbao, kalenda ya Bikira Maria, na mashati mawili yaliyopigwa pasi yakining'inia kwenye msumari. Alipiga pasi hata suruali ya kulalia chini ya lori. Hombo nzima ilicheka, na mimi nilicheka, halafu nikaanza kutafuta sababu za kupeleka muhogo kusagwa hata pale nyumbani unga ulipokuwa umejaa.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya kitunga. Kwetu kitunga cha mizigo hubebwa mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na anayebeba ni mwanamke. Mwanamume hutangulia na panga lake, mikono mitupu, kwa sababu njiani kuna nyoka na yeye ndiye wa kupambana naye. Ndivyo tulivyokuwa tukiambiwa. Nyoka wenyewe niliowaona maishani waliuawa na mama yangu. Basi siku hiyo nilikuwa natoka shambani, nimechomwa na mwiba kwenye kisigino, nachechemea. Kasereka alikuwa darajani akinawa mafuta mikononi. Aliniangalia, akakitwaa kitunga, akaipitisha kamba kwenye paji lake la uso, akaanza kupanda barabara ya katikati ya soko. Hata kwao Butembo mwanamume habebi hivyo. Aliniambia baadaye kwamba mama yake angeficha uso. Vijana waliokuwa kwenye gogo wakaanza kuzomea. "Mugeni njo bibi. Dada, umenunua bibi," yaani mgeni ndiye mke wangu. Yeye akaendelea kupanda taratibu na muhogo wangu mgongoni, akiniuliza kama kisigino kinauma sana. Hakuna aliyewahi kuniuliza habari za kisigino changu.

Tangu siku ile barabara haikuwa yangu tena. Nikipita peke yangu walinisalimu. Nikipita na Kasereka, hata kama tunatembea hatua tatu mbali na hatusemezani, gogo lote linaamka. Maganda ya parachichi, maji ya kuoshea vyombo, miluzi. Wanamzuia katikati ya njia na kumuuliza alimwomba nani ruhusa. Mimi ndiye niliyetukanwa zaidi, kwa maneno ambayo hata leo siyaandiki. Elisha hakurusha kitu, lakini alikaa nao, na ndiye aliyesimama siku moja akaniuliza mbele ya wote, "Faida, banaume ba hapa balikufa?" Nilimchukia miaka kadhaa kwa swali hilo. Sasa ninapomwona na mgongo wake uliopinda namtendea haki: mwaka uliotangulia binti wa shangazi yetu alikuwa ameachwa na dereva mmoja wa njia hiyo, na mtoto tumboni, na Elisha ndiye aliyetembea siku mbili kumtafuta dereva yule bila kumpata. Alidhani ananilinda. Wengi wanaoumiza dada zao barabarani hudhani hivyo, nao wale wenzake wa gogo, ambao hawakuwa na dada yeyote wa kulinda, walifurahi tu kupata kazi.

Kasereka alijaribu njia ya heshima. Alipata nafasi kwenye lori moja, akaenda kumfuatia tajiri wake habari za kipuri, na aliporudi kupitia Kirolirwe, kule kwenye ng'ombe, alimletea mama yangu jibini, lile duara la fromaji ya Masisi, limefungwa kwenye gazeti. Akalileta mwenyewe, amevaa shati la pasi, akasema, "Mama, nimekuletea kidogo ya njia." Elisha alikuwepo. Aliungoja mgongo wa mgeni upotee kisha akatamka kwamba kitu cha yule mtu hakiliwi katika nyumba hii, na yeye hatakionja maisha yake yote. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, baba hakuwepo tena, na kwetu zawadi ya mchumba ikiliwa na ndugu wa msichana, neno limekwisha, amekubaliwa. Mama hakubishana. Lakini mama hakuwahi kuona fromaji. Sisi ni watu wa msituni, ng'ombe tunawasikia kwa jirani. Alilipima mkononi, akalinusa, akaamua kwamba ni aina ya nyama ambayo haijakaushwa vizuri. Akaliweka juu ya uchanja wa moshi, juu ya mafiga, kati ya samaki na mguu wa kanu. Siku ya kwanza lilitoa jasho na mafuta yakadondokea moto. Mama akasema, "Iko na mafuta muzuri hii nyama." Likabaki pale, likawa jeusi nje na gumu, na Elisha akawa anakula chini yake kila siku bila kuinua macho.

Sasa nifike pale ambapo nilikuwa sitaki kufika. Ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa nimekaa na mboga zangu mbele ya akina mama wote, mvua ikaanza, na Kasereka akaja na mwavuli wake mweusi, akausimamisha juu ya kichwa changu. Kutoka kwenye gogo zikaja sauti, na safari hii akina mama wa sokoni nao wakacheka, na kicheko chao kilinikata kuliko matusi ya vijana. Mzee mmoja wa kanisa letu akasimama mbele yangu. Alikuwa mtu mpole, na nadhani aliuliza kwa nia njema, ili nipate njia ya kutoka. "Mutoto yangu," akasema, "huyu muntu unamujua?" Soko zima likangoja. Nami nikasema, "Hapana, Papa. Simujue."

Nimeishi na mume mmoja miaka yote hiyo, nimezaa, nimezika, nimekimbia na godoro kichwani, na hakuna neno lililotoka kinywani mwangu ambalo ningelipa chochote kulirudisha kama hilo. Kasereka alibaki na mwavuli mkononi. Niliona masikio yake yakibadilika rangi. Kisha akamgeukia yule mzee, akainama kidogo kwa adabu, akasema, "Samahani, Papa. Nimekosea muntu. Nilizani ni mama moja mwenye ninatengenezaka mashine yake." Akanifunikia uongo wangu kwa uongo wake ili soko liamini kwamba mimi ni msema kweli. Akafunga mwavuli na kuondoka katika mvua, akipita mbele ya gogo, na hakuna ganda walilobakiza. Nililowa pale nikiuza mboga mpaka zikaisha.

Hakuja tena. Alipita njia ya nyuma ya mashamba ili asinitie aibu. Baada ya siku nne ikasikika kwamba kipuri kimefika na kwamba lori litaondoka siku ya soko linalofuata. Nilikuwa nimelala chumbani, ukuta wa mianzi kati yangu na jiko, na nikamsikia shangazi akimwambia mama, "Aende. Umuache tu, iko muntu wa njia, na njia inamuita." Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alitwanga muda mrefu. Kisha akasema, "Ule dereva alikimbia mutoto wetu. Huyu ni mutoto wetu njo alimukimbia." Shangazi akauliza ana maana gani. "Soko iliniambia yote," mama akasema. "Mi nilimuzaa Faida, sikumuzalaka aseme bongo." Bongo kwetu ni uongo. Kinu kikaendelea. Nikavuta kitenge usoni nyuma ya mianzi yangu, nikijua kwamba alijua ninasikia.

Asubuhi ya soko nikamwendea jikoni, nikamwambia nataka kwenda kumwomba Kasereka msamaha kabla lori halijaondoka. Nitapita nyuma ya mashamba, nikasema, nisionekane. Mama alinitazama kutoka kwenye moshi. "Ulimukatalia fasi gani?" "Ku soko, Mama." "Basi uende kumuomba ku soko. Unataka kumutukana mbele ya bantu na kumuomba musamaha mu majani?" Kisha akainuka, akalitoa lile duara jeusi kwenye uchanja, akaanza kulikatakata kwa kisu cha nyama na kulitia kwenye sufuria ya sombe. Sikuamini. Nikamwambia Elisha atafanya fujo. "Elisha alisema hataonja kitu ya mugeni," mama akajibu. "Hakusema hataonja sombe ya mama yake. Ukipita pale ku gogo, umuambie mama alisema uonje chunvi."

Msomaji asiye wa kwetu ajue uzito wake. Msichana akibeba chakula kilichopikwa na kupita nacho barabarani kwenda kwa mwanamume, amekwisha kujitangaza. Hawezi kurudi na kusema alikuwa anapeleka muhogo kusagwa. Kama ndugu zake hawamtaki mtu huyo, watakimwaga chakula hapo hapo njiani, na msichana atarudi na sufuria tupu na jina baya mpaka atakapozeeka. Nilijua hayo. Nilivaa kitenge kizuri, nikaweka sufuria ya sombe kichwani na bugali mkononi kwenye kitambaa, nikapita katikati ya barabara, si pembeni. Zomeazomea ilianza mapema, kisha ikapungua walipoona sufuria, na mbele ya gogo ikawa kimya. Mmoja akauliza, "Hii chakula iko ya nani?" Nikasema kwa sauti iliyofika kwa akina mama wa mboga, na kwa yule mzee wa kanisa, "Iko ya Kasereka. Ule siku niliulizwa, nikasema simujue. Nilidanganya. Namujua."

Elisha akasimama. Nikashusha sufuria, nikafunua, nikamega tonge la bugali nikampa. "Kaka, mama alisema uonje chunvi." Alisita, lakini ni nani anayekataa mkono wa mama yake mbele ya watu. Akachovya, akatia kinywani, akatafuna. Uso wake ukabadilika. Akachovya tena, bila kuambiwa. "Hii nyama iko ya nini?" akauliza. Nikamtazama machoni nikamwambia, "Iko fromaji ya Kasereka." Kinywa kikasimama. Tonge la pili lilikuwa bado shavuni, na kila mtu pale gogoni aliliona. Angeweza kutema. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi kuliko alivyolifikiria yeye mwenyewe: angeweza kutema chini, na maisha yangu yangekwenda upande mwingine. Alinitazama dada yake na kitenge changu na sufuria miguuni pangu, kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Akameza. Wenzake walipoanza kucheka aliwageukia akasema, "Nilikuwa na njaa," kisha akakaa, na hakuna ganda lililorushwa tena tangu siku ile, kwa sababu sasa lingemwangukia shemeji wa Elisha.

Kasereka alikuwa chini ya lori, miguu tu ikionekana. Nilisimama pale nikiwa na watu wengi nyuma yangu kuliko nilivyotaka. "Kasereka," nikasema, "siku ile haukukosea muntu." Kisha akatoka taratibu, uso mweusi kwa mafuta, suruali ina alama ya pasi, akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akatazama watu wote waliojaa nyuma yangu. Nilitarajia hasira, au hata machozi, sijui. "Ngoja ninawe mikono," akasema. Lori liliondoka na fundi mwingine aliyekuja na kipuri. Kuhusu neno langu la sokoni hakunitajia hata siku ile, wala siku tulipogombana vibaya, na tuligombana mara nyingi kwa sababu mimi ni mimi. Mwanamume mwenye silaha kama hiyo nyumbani akakaa nayo maisha yote bila kuitoa: mnitafutie mwingine.

Haya yote nilimwambia Mumbere kwa simu, wakati padri alikwisha kufika na watu walikuwa wakiniita. Nilimwambia kwamba anayeachia mkono mbele ya watu huumia zaidi ya anayeachiwa, na kwamba kama baba yake angefanya kama yeye, asingekuwepo huko Seoul kunisimulia habari za treni. "Usimupe njia ya nyuma ya mashamba," nikasema. "Umupe njia ya kurudia pale pale." Nilidhani mtandao umekatika, kumbe alikuwa analia, na safari hii nadhani alikuwa anamlilia baba yake.

Wiki tatu baadaye nilikuwa uani na Elisha, tukila sombe mchana, tumebaki wazee wawili tusio na mengi ya kuambiana. Simu ikalia, na ndani yake kulikuwa na makelele ya treni. Mumbere akasema, "Mama, tuko mu ile treni. Bantu banatuangalia. Kuko muntu anataka kukusalimia, alijifunza wiki muzima." Kisha ikaja sauti ndogo ya kike, nzito kwa woga, ikipandisha kila neno peke yake kama mzigo, lakini kwa nguvu, ili walio karibu naye wasikie hata kama hawaelewi. "Mama," akasema. "Mumbere. Mi namujua."

Elisha akaacha kutafuna, akauliza, "Nani huyo? Anasema nini?" Nikamwambia ni mchumba wa Mumbere, wa Korea, anasema anamujua. Kaka yangu alinitazama muda mrefu, kama alivyonitazama siku ile pale gogoni, macho yake yakalowa, akavuta sufuria karibu.

"Umuambie akuje," akasema. "Mi niko na njaa."